Njaa ya Pudensiana

Kanisani kwetu kuna benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, mguu wake mmoja umeliwa na mchwa. Hilo lilikuwa benchi la Pudensiana, mdogo wangu wa mwisho. Hakuna aliyempangia. Alijipangia mwenyewe mwaka ule alipomwacha mume wa ndoa akahamia kwa Gelasius, akalikalia miaka na miaka. Padri Gaspar akija na pikipiki yake, watu tunasimama kwenda kupokea Komunyo, yeye anabaki amekaa, magoti kayabana, anaangalia migongo yetu. Watoto waliopata Komunyo ya kwanza juzi wanampita. Wazee wa kutembelea fimbo wanampita. Mimi nilikuwa nampita kila mara, na nikimfikia nakohoa makusudi, ajue ni mimi.

Kwetu ni nje kidogo ya Inyonga. Huku mwanaume ama analima tumbaku ama anarina asali, na asiyefanya lolote kati ya hayo tunamuuliza kwao wapi. Pudensiana aliolewa na mrina asali, Anselmo. Ndoa ya kanisani, pete na kila kitu, ng'ombe alichinjwa. Anselmo ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anafikiria kwanza. Mizinga yake ilikuwa mbali, porini kwenye miombo, na wakienda kurina wanakaa kambini mwezi na zaidi. Ugali, nyama ya kukausha, mbung'o wanawala migongo. Kuoga ni bahati.

Sasa sisi tuna desturi yetu. Mwanaume akiwa kambini, mke anatunza moto nyumbani, usizimike. Wazee wanasema moto wa nyumbani ukizimika, nyuki huko porini wanakuwa wakali. Na mwanaume akirudi haingii ndani moja kwa moja. Anasimama mlangoni, anafungua jani alilofungia sega la kwanza, anamlisha mke wake kwa mkono. Mke akishakula, ndiyo mume anavuka kizingiti. Mapadri wa zamani hawakuipenda desturi hiyo. Baadaye wakazoea, maana asali walikuwa wanaletewa na wao.

Walipata mtoto mmoja, Dorika. Surua ikamchukua hata meno hajaota. Pudensiana alilia mpaka sauti ikaisha. Anselmo hakulia, alichukua shoka akaenda porini kuchonga mizinga. Alichonga, akachonga, hata miti ya kuitundika ikawa haitoshi. Akirudi nyumbani anakula, anashukuru, analala. Nyumba ikawa kama darasa wakati wa likizo.

Ng'ambo ya njia ndipo alipokuwa anakaa Gelasius, mkulima wa tumbaku, mkewe alishamkimbia siku nyingi. Meno meupe, shati limepigwa pasi hata kama anakwenda shambani, na redio kaseti kubwa ya kubeba begani. Tumbaku ikiuzwa ananunua betri kwa katoni. Bani lake la kukaushia tumbaku likiwa tupu analigeuza ukumbi wa dansi. Huyo alimchekesha mdogo wangu. Hakumpiga jicho, hakumpa hela, alimchekesha tu kisimani, mbele za watu, kwa kumwigiza katekista Venansi anavyoimba kwa pua. Mwanamke aliyefiwa na mtoto akicheka mara moja anataka kucheka tena.

Alihama wakati Anselmo yuko kambini. Alichukua kanga zake na sufuria moja, akavuka njia. Moto ukazimika.

Anselmo alirudi jioni, baiskeli imelemewa na madebe. Nilikuwa jikoni kwangu, ua kwa ua na kwake, namwona. Alisimama mlangoni pake na jani lake mkononi. Alisimama kama mtu anayejua mkewe ameenda maji, atarudi sasa hivi. Redio inasikika kule ng'ambo, watu wanacheka, na kicheko cha mdogo wangu nakijua hata kati ya vicheko mia. Anselmo naye anakijua. Mwisho aliliweka lile sega juu ya kizingiti, taratibu, akaingia ndani. Asubuhi nilipita, nikakuta sisimizi wamelifunika, jeusi tii.

Tangu hapo hakuoa tena. Na mimi tangu hapo sikusamehe. Wanajumuiya walikuja kuniambia Mama Regina, damu ni damu. Niliwaambia damu ni yangu, waende wakasamehe ndugu zao.

Sitasema uongo lakini. Pudensiana alinawiri. Gelasius alimpeleka Mpanda akaona garimoshi, akalala nyumba ya wageni, akanywa soda ya baridi. Akarudi na viatu vya kisigino ambavyo kwenye mchanga wetu alikuwa anavishika mkononi. Vitenge vya Kigoma. Nyama ya kuchoma. Pombe ya wanzuki msimu wa asali, asali ambayo pengine ilikuwa ya Anselmo mwenyewe, nani anajua. Alicheza dansi kwenye lile bani mpaka harufu ya tumbaku ikamkaa kwenye nywele. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Nilisubiri aje na jicho limevimba, nimwambie si nilikuambia. Hakuja.

Alikuja siku nyingine kabisa, mwaka wa mvua za Elinino, tulikuwa tumemaliza Krismasi juzijuzi. Nimekaa barazani namenya karanga. Alikaa chini bila kukaribishwa akaanza kumenya na yeye. Nikamwambia karanga zangu hazihitaji msaada. Akaendelea kumenya. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Dada, nina njaa."

Nikamwambia jikoni kwa Gelasius kuna nyama, nimesikia harufu tangu jana.

"Si hiyo. Nataka kupokea."

Nilicheka. Kweli nilicheka. Nikamuuliza miaka yote hiyo alikuwa ameshiba na nini. Akaniambia alikuwa hashibi. Anakula, anacheza, analala vizuri, asubuhi anaamka yuko tupu kama debe. Mwanzo alifikiri anataka dansi zaidi. Akapata zaidi. Akafikiri ni nguo, akapata nguo. Akafikiri ni Dorika, na ni kweli ni Dorika, lakini hata akimlilia Dorika mpaka akachoka, bado kuna mahali hapajafikiwa. Anasema Jumapili akiona sisi tunakwenda mbele, mate yanamjaa mdomoni kama mama mjamzito aliyeona udongo.

Alishamuuliza Padri Gaspar. Padri alimwambia njia ni moja: atoke kwa Gelasius, akae peke yake au kwa ndugu, akija safari nyingine watazungumza kitubio. Ndugu ni nani? Ndugu ni mimi.

"Tatizo ni moja, dada," akasema. "Nitasemaje najuta, wakati ilikuwa tamu?"

"Sema najuta, halafu unyamaze."

"Mungu si mwenyekiti wa kijiji."

Nikamwambia aache kunivunjia karanga. Kabla ya Jumatano ya Majivu alivuka njia na kanga zake na lile sufuria moja. Vile viatu alimwachia Gelasius. Nikampa mkeka, nikamwonyesha pa kulala, nikamwambia kwangu watu wanaamka mapema na hakuna redio.

Gelasius alikuja siku hiyohiyo. Nyie mnangoja niseme alikuja na panga. Alikuja na shati lake lililopigwa pasi, akasimama nje ya ua, kofia mkononi. Aliniamkia vizuri. Akauliza kama anaweza kusema na Pudensiana. Nilitoka na mwiko wa ugali, nikamwambia aseme kutokea hapohapo alipo, masikio yetu hayana usaha.

"Pudensiana, nimekukosea nini?" akamuuliza.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hujanikosea kitu, Gelasius."

"Sasa?"

"Umenipa kila ulichokuwa nacho. Nimekila chote. Bado nina njaa."

"Nitalima eka zaidi."

Nilitaka kucheka lakini Pudensiana alikuwa analia, na Gelasius macho yake mekundu. Alirudi kwake. Lakini kila jioni akawa anaweka redio dirishani, imeelekezwa kwetu, anapiga zile walizokuwa wanacheza. Pudensiana alikuwa anatwanga. Nilimwona mwenyewe, mchi ulikuwa unafuata ngoma bila yeye kupenda, na akigundua anausimamisha, anauegemea, anafumba macho. Kuna jioni alitoka hadi kwenye njia. Nilimwacha. Nilisema moyoni akivuka, mkeka wake natupa nje. Alisimama pale katikati ya matope mpaka kaseti ikaisha upande mmoja, redio ikajizima. Akarudi, akaendelea kutwanga.

Kwaresima yote ikaenda hivyo. Anahesabu Pasaka kama mtoto. Alifua kitenge kimoja mpaka rangi ikapauka, anasema atakivaa siku hiyo. Lakini ile mvua mnaikumbuka. Madaraja yalikwenda, barabara ya Mpanda ikawa mto, lori lilizama tope mpaka kwenye vioo. Pasaka ikafika, Padri hakufika. Katekista Venansi akaongoza ibada, akatusomea masomo, akaimba kwa pua, tukaondoka bila Komunyo wote. Siku hiyo kanisa zima lilikuwa benchi la nyuma. Watu walinung'unika njiani, nami nilinung'unika. Pudensiana hakunung'unika. Alitembea nyuma yetu, akasema kwa sauti ndogo sasa mnajua.

Nilimgeukia nikamwambia asijilinganishe na watu.

Mvua ilipoanza kukata alifanya jambo ambalo mimi nisingefanya. Alikwenda mpaka kwa Anselmo. Anselmo alikuwa uani ananoa shoka, anajiandaa kwenda kambini. Nilisogea karibu na ua wangu, si kwa kusikiliza, kulikuwa na kuku nafukuza. Pudensiana alipiga magoti kwenye vumbi la mawe. Alisema maneno mengi, mengine sikuyapata. Mwisho nikasikia, "Nilikuachia moto ukazimika, Baba Dorika. Nisamehe."

Miaka kumi na ushee hakuna aliyemwita mtu yule Baba Dorika. Aliacha kunoa. Alifikiria, kama kawaida yake, mpaka nikaona huyu mwanamke magoti yatatoboka. Kisha akasema, "Nimesikia."

Basi. Nimesikia. Akachukua shoka lake, kesho yake akaondoka porini. Mdogo wangu akaniuliza ile nimesikia ni ndiyo au hapana. Nikamwambia ni nimesikia.

Padri Gaspar alituma habari mwezi wa sita, barabara ikiwa imekauka: anakuja Jumapili. Pudensiana Jumamosi yote hakutulia. Jua lilipokaribia kuzama tulikula ugali na mlenda, tukanawa, nikamwambia sasa mdomo umefungwa. Sisi tuliofundishwa zamani tunajua, anayepokea halali na kitu kinywani, wala maji, mpaka Bwana aingie wa kwanza. Mimi nimefuata hivyo tangu msichana. Akasema sawa, dada.

Alfajiri, bado kuna ukungu, nikasikia baiskeli. Nikafungua mlango. Anselmo. Amesimama nje ya kizingiti changu, ndevu zimeota, ananuka moshi, shati limechanika bega, mkono mmoja umevimba kwa nyuki. Ametembea na kuendesha toka kambini, tena kurina hakujaisha, wenzake wamebaki huko. Mkononi ana jani. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

Pudensiana alikuja akasimama. Anselmo alifungua jani. Sega jeupe, changa, asali inadondokea vidoleni kwake, na nyie msiojua asali ya miombo ya kwanza baada ya mvua kubwa mmeishi bure. Harufu ilijaa nyumba. Alinyoosha mkono mpaka karibu na mdomo wake.

Nilimwona mdogo wangu anameza mate. Nilimwona midomo inafunguka. Mwanamke yule alikuwa amengojea mkono ule, na alikuwa anajua mkono ule ukirudi chini labda hautapanda tena, maana Anselmo si mtu wa kusema mara mbili. Nilidhani atakula. Mimi ningekula, halafu niilaumu njaa.

"Baba Dorika," akasema, "nimefunga. Namngoja Bwana kwanza."

Anselmo alifunika jani, akainama, akaliweka juu ya kizingiti changu, taratibu, kama alivyoliweka lile jingine. Akageuza baiskeli. Pudensiana alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili asimkimbilie. Tulisikia ile baiskeli mpaka haikusikika.

Padri alichelewa, jua lilikuwa limefika utosini. Kabla ya Misa alikaa nje chini ya paa la nyasi kusikiliza maungamo, na Pudensiana alikuwa wa mbele. Alichukua muda mrefu, foleni ikaanza kuguna, kuna mama akauliza huyu anaungama dhambi za kata nzima? Nikamwambia akae kimya, zake zikianza tutalala hapa. Walichosema pale na Padri hakuniambia, nami sikuuliza. Nilichoona ni kwamba alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyetua kuni.

Wakati wa Komunyo tulisimama. Nikatembea bila kugeuka. Nilipofika mbele nikasikia nyuma yangu anapumua, mdogo wangu, kwenye kitenge kilichopauka. Hakuna aliyekohoa. Alipokea, akarudi, akapiga magoti, akajifunika uso kwa kanga.

Njiani kurudi nilimuuliza. Nilitaka kujua, miaka yote ile ya kumeza mate.

"Ikoje?"

"Haina ladha, dada. Ni kama karatasi." Akatembea kidogo. "Lakini pale mahali pamefikiwa."

"Kwa hiyo umeshiba."

"Sijashiba. Sasa hivi najua njaa ni ya nani, basi. Nitakuwa nayo mpaka nimwone."

Na nisisahau hili: Padri alipita kuniaga, nikamsimulia tulivyofunga toka jioni, akacheka, akasema mama zangu, siku hizi ni lisaa limoja tu kabla ya kupokea. Lisaa limoja. Yaani ile alfajiri angekula lile sega lote, akalamba na jani, na bado angepokea. Nilimwambia Padri lisaa limoja ni la watu wa mjini.

Tulipofika nyumbani, sega liko pale kizingitini na sisimizi wamelifunika, jeusi tii. Nikatafuta fagio. Pudensiana akanizuia. Alikaa chini mlangoni, akalichukua, akapuliza, akapuliza tena, akala. Na sisimizi wengine akala. Asali inamchuruzika kidevuni na machozi humohumo. Nikamwambia inzi watamjaa. Alipomaliza alinawa, akaja jikoni kwangu, akachota makaa kwenye kigae, akavuka ua mpaka kwa Anselmo. Akafagia nyumba ya miaka yote ile. Akawasha moto.

Wanaume waliporudi toka kambini, Anselmo aliona moshi toka mbali. Nilimuuliza baadaye aliwaza nini. Alifikiria, akasema, "Niliona moshi." Mtu gani huyu.

Walikaa pamoja hadi masika ya mwaka uliofuata. Hawakuwa na redio. Gelasius aliuza bani lake akahamia Mwamkulu kulima mpunga, nasikia huko anaimba kwaya, na Mungu awasaidie wanaomsikiliza. Pudensiana alishikwa malaria, ikampanda kichwani, na barabara ya kwenda Mpanda ilikuwa imekatika tena. Alikufa asubuhi, Anselmo amekaa kizingitini, mimi nimemshika miguu. Hakuogopa. Alikuwa anaangalia mlangoni kama mtu aliyesikia baiskeli.

Lile benchi bado lipo. Hakuna anayelikalia, linayumba.

Watu wananiambia sasa, Mama Regina, mdogo wako amekufa, msamehe. Ya Anselmo ameyasamehe Anselmo mwenyewe, ya Mungu Mungu ameyamaliza, mimi ni nani. Lakini nina yangu. Mimi nimepokea tangu nikiwa msichana wa misheni. Sijawahi kukaa benchi la nyuma. Nakwenda mbele, nafungua mdomo, nawaza mbuzi wangu kama wameingia shamba la watu. Sijawahi kulia. Mate hayajawahi kunijaa. Na juzi nimekwenda, Padri ameniwekea ulimini, nimefumba macho nikangoja, nikangoja kweli, nipate angalau kidogo ya ile njaa aliyokuwa nayo mdogo wangu.

Aliondoka nayo yote. Hilo sijamsamehe.